NASAHA ZA MWALIMU: Bahasha Saba



Shule zinakaribia kufungwa, na wengi wetu tumekwisha anza kufunga mizigo kwenda nyumbani kuwaona wazee. Wengine Unguja na Pemba, wengine Mombasa, Lamu, Tanga au Dar es Salaam. Wapo pia watakaopitia Makka kufanya Umra. Kwa hivyo mwezi huu tumeona vyema safu hii tuielekeze kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona kwa kuwa lina aibu ndani yake, nalo ni kuibiwa safarini. Na ili tusionekane kuwahubiria wenzetu, tutaanza na yaliyotupata sisi wenyewe.

Mwezi wa Disemba, mwaka 2009, tulisafiri kwenda Unguja kumwuguza dada yetu. Habari ya safari ilipoenea, watu wakaanza kubisha hodi na bahasha mkononi, kama ilivyo ada yetu. Zikafika saba. Moja ilikuwa ya dawa za mama mmoja mwenye maradhi ya sukari, moja ya ada ya shule ya mayatima wawili, moja ya kuezekea nyumba, na nyinginezo za matumizi. Jumla yake pauni 1,140. Tulizifunga pamoja kwa mpira, tukazitia katika mfuko wa nje wa begi la mgongoni ili ziwe karibu. Fedha zetu wenyewe tulizishonea ndani ya koti.

Msomaji na ayashike mambo hayo mawili, kwani tutayarejea.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow. Katika stesheni moja tulipobadilisha treni, bwana aliyetutangulia alisita ghafla mlangoni kana kwamba ameangusha kitu. Aliyekuwa nyuma akatugonga, akaomba radhi kwa adabu. Papo hapo msichana akatufunulia ramani usoni, akiuliza kama treni ile yaenda uwanjani. Tukamwelekeza kwa bashasha zote za mwalimu. Milango ilipofungwa, wote watatu walikuwa wamebaki nje. Hatukushuku lolote, tulijisifu moyoni kwamba tumemsaidia mgeni. Uwanjani ndipo tulipoona zipu iko wazi na mfuko ni mtupu.

Jioni ya kwanza tulipofika Unguja, kijana wa yule mama mgonjwa alikuja kuuliza kuhusu dawa. Tulichana bitana ya koti, tukampa. Tukawapa na mayatima. Tano zilizobaki hatukuwa na uwezo nazo. Tukamwendea shekhe mmoja wa mtaani kumwuliza iwapo tunadaiwa. Akatueleza kwamba mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea, maadamu hakuzembea. Tukashusha pumzi. Kisha akauliza kwa upole, "Na fedha zako, mwalimu, ulizitia wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulilipa, na ilituchukua miezi minane. Mmoja wa wenye bahasha alikataa katakata kupokea. Mwingine alipokea, na hajatupa bahasha tena hadi leo. Wala hatumlaumu.

Tumelisimulia hili kwa sababu lina darasa kamili la kazi ya mchopozi. Kwanza, mara nyingi hafanyi kazi peke yake. Mmoja huzuia njia, mmoja husukuma, mmoja hushughulisha macho na ulimi wako, na kilichochukuliwa huenda kikapitishwa kwa mwingine kabla hujageuka. Pili, huchagua mahali ambapo kuguswa si ajabu: mlango wa treni, ngazi za umeme, foleni ya boti, kizingiti cha soko. Tatu, hutegemea tabia zetu njema. Atakayekumwagia kinywaji kisha akakupangusa, au atakayekupa karatasi utie saini katika miji ya watalii kama Paris, anajua kwamba muungwana huona haya kumsukuma mtu. Na penye tangazo la kujihadhari na wezi, watu wengi hupapasa mfuko wenye fedha, na mwizi aliyesimama kando akapata habari bila kuuliza.

Hapa London balaa kubwa sasa ni wakwapuzi wa simu. Huja kwa baiskeli au pikipiki ndogo, wakapanda hadi ukingo wa njia ya miguu na kuinyakua simu mkononi mwako huku wewe ukitazama ramani. Dar es Salaam nako, hasa penye msongamano kama Kariakoo, mkoba hukwapuliwa na mtu aliye juu ya pikipiki. Ukihitaji kusoma simu, ingia dukani au uupe ukuta mgongo. Mkoba uvae upande wa mbali na barabara. Na ukivutwa, uachie. Wapo waliovunjika mifupa kwa kuung'ang'ania.

Kwa wanaokwenda Umra, tusidhani kwamba utukufu wa mahali humfunga mwizi mikono. Katika tawafu watu hubanana, hasa karibu na Jiwe Jeusi, na moyo wa mja uko kwingine. Pasipoti na fedha nyingi ziacheni hotelini, mchukue za siku hiyo tu katika mkanda wa ndani. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia.

Kabla ya kuondoka nyumbani, fanyeni haya. Gawanyeni fedha mahali patatu, wala zote zisiwe kwa baba. Pigeni nakala za pasipoti zote, za watoto zikiwamo, mwache seti moja kwa jamaa aliyebaki. Andikeni katika karatasi nambari ya simu ya benki iliyo nyuma ya kadi, kwa kuwa kadi ikienda huenda na nambari yake. Bonyezeni *#06# katika simu, mnakili nambari itakayotokea. Ndiyo kitambulisho cha simu hiyo, na kampuni ya simu huweza kuifunga kwayo.

Yakikupata, usipoteze saa nzima kwa kulia. Funga kadi kwanza. Ukiwa Uingereza, nambari 159 hukuunganisha na benki nyingi. Kisha ifunge laini, kwani siri za benki na za pesa za simu hupitia humo. Halafu nenda polisi upate hati ya taarifa, maana bila hiyo bima haitakusikiliza, na nyingi hutaka taarifa itolewe ndani ya saa 24. Mwenye pasipoti ya Uingereza ataomba hati ya dharura kwa ubalozi wa nchi hiyo. Wenye ukaazi kwa pasipoti ya kwetu, kumbukeni kwamba kadi nyingi za plastiki zilifikia kikomo tarehe 31 Disemba 2024, na ruhusa yenu sasa imo katika akaunti ya mtandao iliyounganishwa na pasipoti. Mkipata pasipoti mpya, rekebisheni akaunti hiyo kabla ya kwenda uwanjani, msije mkakwama.

Mwisho, turejee kwenye bahasha. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu na kumfikia mama kijijini kabla chai yako haijapoa. Hata hivyo bado tunabisheana hodi usiku wa kuamkia safari, ili kuokoa pauni chache za ada. Tunaomba wenye kutuma wawahurumie wasafiri. Na msafiri asione haya kusema, "Niwieni radhi, safari hii sitachukua." Akikubali, azihesabu mbele ya mwenyewe, aandike, na kisha azitie pale pale atakapotia zake. Kama ni ndani ya koti, basi zote ziwe ndani ya koti.

Tunawatakia safari njema na marejeo ya salama. Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu mstaafu