Rangi ya Maji: Safari za Mvuvi Akaaye Hurlingham

Mtu akaaye Hurlingham, kando ya barabara ya Argwings Kodhek, hana maji ya kuvulia karibu na mlango wake. Vijito vya Kirichwa vyapita upande ule wa mji, lakini vimebeba taka za majumba, wala hakuna mwenye akili atakayetia ndoana humo. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 upande wa Kibera, si mbali hata kwa miguu, na zamani mashua za tanga zilikuwa zikishindana juu yake siku za mapumziko. Leo limejaa gugu maji, na maji yake yamechafuka hata samaki atokaye humo hafai kuliwa. Basi mvuvi wa Hurlingham hana budi kusafiri, na safari ni nauli, ni chakula cha njiani, tena ni Jumamosi moja ambayo mkewe alikwisha kuiwekea kazi nyingine. Akirudi mikono mitupu kwa sababu samaki hawakutaka kula, hiyo ni bahati yake. Akirudi mikono mitupu kwa sababu aliukuta mto umejaa tope, hilo ni kosa lake mwenyewe, maana jambo hilo lilikuwa likijulikana tangu Alhamisi.

Kosa lenyewe huanza dirishani. Mvuvi huamka alfajiri, akatazama juu ya paa za jirani, akaona mbingu nyeupe, akafurahi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mkulima mwenye mahindi yake nyuma ya nyumba neno hilo ni kweli tupu. Lakini mvua imhusuyo mvuvi si ile itakayoanguka juu ya kichwa chake. Ni ile iliyokwisha kuanguka siku mbili tatu zilizopita, mahali asipopaona, juu ya milima ya Nyandarua, ambayo ramani za zamani ziliiita Aberdare. Huko ndiko utokako mto Malewa uendao Naivasha. Huko ndiko itokako Gura, Chania na Mathioya, ambayo maji yake huishia katika mto Tana. Jua laweza kuwaka Hurlingham juma zima, na huku mito hiyo ikishuka na magogo. Kadhalika Nairobi yaweza kulowa kwa manyunyu ya Julai mchana kutwa, na maji ya Gura yakawa safi hata mawe ya chini yahesabike.

Ziwa la Naivasha, lililo kilometa 90 hivi kutoka mjini, ndilo liwavutalo wengi. Ni ziwa la namna ya peke yake: liko juu kuliko maziwa yote ya Bonde la Ufa katika Kenya, halina mto uonekanao ukitoka ndani yake, na hata hivyo maji yake ni matamu, kwa kuwa hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Samaki wake ni wageni karibu wote. Ngege, ambao sokoni huitwa tilapia, waliletwa mwaka 1925. Samaki wa Marekani aitwaye besi akaletwa miaka michache baadaye, ili watu wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana. Kamba wekundu wa Louisiana walitiwa mwaka 1970. Samaki aitwaye karpu alianza kuonekana mwaka 2001 au karibu na hapo, na katika miaka iliyofuata akazidi wengine wote katika nyavu za wavuvi. Mwenyeji wa ziwa, samaki mdogo asiyezidi kidole, hakuonekana tena tangu mwaka 1962. Mwaka 2001 samaki walikuwa wamepungua sana kwa kuvuliwa mno, hata serikali ikalifunga ziwa kwa muda wa mwaka mmoja.

Kwa mwenye kupanga safari, habari hizo si hadithi tu. Besi na karpu hawana tabia moja. Besi huwinda kwa macho: hujificha penye majani au kisiki, akaona kitu kikipita, akakirukia. Karpu hutafuta riziki yake chini, matopeni, kwa kunusa na kuonja. Sasa Malewa ikishuka na udongo wa mashamba ya Nyandarua, upande wa kaskazini wa ziwa hugeuka kuwa kama uji. Besi aliye ndani ya uji ule haoni chambo, hata mvuvi akikipitisha mbele ya pua yake mara mia. Karpu hajali sana. Kwa hiyo mtu atakaye kwenda Naivasha katika Mei, na hawezi kungoja, aache nyumbani vile vyambo ving’aavyo alivyovinunua kwa bei kubwa, achukue donge la ugali mgumu, aende upande wa ziwa ulio mbali na mdomo wa mto. Wako wavuvi waonao haya kutumia ugali, nao hurudi na haya yao bila samaki.

Tena aulize habari za ufuko kabla ya kwenda. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa hilo yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 yaliingia katika nyumba za watu mtaani Kihoto, wakahama. Mahali palipokuwa na njia ya kushukia mashua miaka kumi iliyopita huenda leo pamo ndani ya maji, na miti mikavu imesimama juu yake. Ramani ya zamani haisaidii. Mwenye mashua aliyeko huko ndiye ajuaye.

Upepo nao una saa zake. Asubuhi ziwa huwa limetulia kama mafuta katika sahani, lakini alasiri upepo huinuka na mawimbi yakawa makubwa kwa mashua ndogo. Mwenye kutoka Hurlingham saa mbili asubuhi, akapoteza saa nzima kwa chai njiani, hufika wakati ule ule wa kuharibika kwa maji. Aondoke saa kumi na moja alfajiri, au alale Naivasha usiku wa Ijumaa. Na jua likianza kushuka atoke majini na kando ya mafunjo, kwa sababu viboko hutoka wakati huo kwenda kula majani, na mtu asimamaye kati ya kiboko na maji yake yu hatarini. Mwezi wa Agosti mwaka 2018, katika siku moja, mvuvi mmoja na mtalii mmoja waliuawa na viboko kando ya ziwa hilo.

Upande wa pili wa Nyandarua, kuelekea Nyeri, safari ni ndefu zaidi, kama kilometa 150, na samaki ni mwingine. Huyu ni trauti, mpenda baridi. Aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, aliyetia trauti wa kwanza katika mto Gura, wakiwa wametoka Uskochi. Baadaye wakaenea katika mito mingi ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, kama Chania, Ragati, Thego na Thiba. Maji yakizidi nyuzi 20 za joto trauti huanza kutaabika, na kwa sababu hiyo ni kazi bure kumtafuta chini katika nchi ya mpunga. Desturi yake ni kuvuliwa kwa nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi, si kwa mnyoo. Hapa yafaa kuonya jambo dogo ambalo limewapoteza watu. Iko mito miwili iitwayo Chania, wote wawili hutoka Nyandarua, mmoja ukipita Nyeri na mwingine ukipita Thika. Mwenye kuambiwa kwamba Chania ni safi leo aulize kwanza ni Chania ipi.

Mto wa mlimani una fadhila moja ambayo ziwa halina: husahau upesi. Mvua kubwa ikinyesha juu, mto hujaa na kuwa mwekundu. Ikikatika, maji huteremka, na baada ya siku moja au mbili huwa yameanza kusafika. Ziwa likishachafuka hukaa hivyo muda mrefu zaidi. Basi katika majira ya mvua mvuvi mwenye subira aweza kupata nafasi katika Gura, kati ya mvua na mvua, ambapo Naivasha hakuna tumaini.

Majira yenyewe yajulikana na kila mkulima: masika tangu Machi hata Mei, vuli tangu Oktoba hata Desemba, na kati yake ukavu wa Januari na Februari na baridi ya Juni hata Agosti. Taabu ni kwamba kalenda ya watu wa mjini haikupangwa na mvuvi. Shule hufungwa Aprili, na Pasaka huangukia mumo humo au karibu yake, ndipo baba hupata siku nne mfululizo na mtoto wake yupo nyumbani akimwuliza ni lini watakwenda kuvua. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Mito imejaa, barabara za mlimani zimekuwa utelezi, na samaki hawaoni. Desemba, baada ya katikati ya mwezi, mambo huanza kuwa mema. Na Januari, watoto wamerudi shuleni na mifuko imekauka kwa karo, maji huwa mazuri kuliko wakati wo wote wa mwaka!

Agosti hubaki katikati. Watu wa Nairobi huona wingu la kijivu limefunika mji wiki nyingi, wakadhani nchi yote imelala. Lakini upande wa Nyeri mawingu yale mara nyingi huleta manyunyu tu, na mito hupungua na kusafika. Mvuvi aliyevaa koti zito hupata siku njema. Upande wa magharibi, juu ya Malewa, mvua ya kweli huweza kunyesha hata Julai na Agosti. Kwa hiyo baba mwenye mtoto na likizo ya Agosti afikiri Nyeri kabla ya Naivasha. Ni njia ndefu kwa mtoto, ni kweli, lakini mtoto huchoka zaidi kwa kukaa mchana kutwa kando ya maji yasiyo na kitu.

Watu wa Hurlingham wana jirani ambaye wengi wao hawamkumbuki. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yapo Dagoretti Corner, mwendo mfupi kwa barabara ya Ngong, nako huko hurushwa baluni za kupima hewa ya juu. Idara hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla majira hayajaanza, na utabiri wa siku chache zijazo kwa kila sehemu ya nchi. Mvuvi huusoma utabiri wa Nairobi, akaridhika. Asome ule wa Nyandarua na wa Nyeri, na asome wa siku zilizopita pamoja na wa siku zijazo, kwa maana jambo alitafutalo ni maji yaliyo njiani tayari.

Na kuna sababu kubwa kuliko samaki. Njia ya chini iendayo Naivasha hupita Mai Mahiu. Katika masika ya mwaka 2024 mvua ilizidi kipimo katika nchi nzima, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka nyuma ya tuta la reli yalibomoa, yakashuka gizani juu ya kijiji cha Kamuchiri. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao vitandani mwao. Kabla ya hapo, Septemba 2019, mwezi usiohesabiwa kuwa wa masika wala wa vuli, mafuriko ya ghafula yaliingia katika genge la Hell’s Gate, karibu na Naivasha, yakawachukua watalii pamoja na kiongozi wao aliyepajua mahali hapo. Mvua iliyowaua ilikuwa imenyesha juu zaidi. Mtu asimamaye katikati ya Gura, maji yakimfika magotini, huku uso wake umeelekea chini ya mto kutazama mshipi wake, yu katika hali ile ile. Akiona majani makavu na vijiti vyaanza kuelea kwa wingi, au maji yanageuka rangi ilhali jua lawaka, atoke upesi upande ule ule alikotokea, wala asingoje kumvuta samaki aliyekwisha kushika ndoana.

Habari za leseni ziulizwe mapema katika ofisi ya samaki, na kwa mito iliyo ndani ya hifadhi ya taifa kuna ada ya kuingilia langoni vile vile. Karani aliyezoea kuwaambia wengine warudi kesho na karatasi kamili hapendezwi akiambiwa hivyo yeye mwenyewe saa mbili asubuhi langoni mwa Aberdare.

Yabaki simu. Kila mvuvi wa mjini afanye urafiki na mtu mmoja akaaye kando ya mto, mwenye shamba la chai au wa ng’ombe, ambaye huuvuka mto huo kila siku kwa shughuli zake. Alhamisi jioni ampigie. Asimwulize kama mvua imenyesha, maana mkulima hujibu habari ya mvua kwa kadiri shamba lake linavyoihitaji. Amsalimu, aulize hali ya watu wa nyumbani, kisha aseme, “Mzee, mto una rangi gani leo?” Mzee akijibu kwamba ni kama chai ya maziwa, mvuvi amshukuru, arudishe fimbo yake juu ya kabati, na mkewe apate Jumamosi yake. Akijibu kwamba ni kama chai ya rangi, nyepesi, ambayo mtu aona chini ya kikombe, aweke saa ya kumwamsha saa kumi.