Flashi ina nafasi, mbona inakataa?

Flashi ya gigabaiti 64 ikikataa faili la gigabaiti 6, wengi huilaumu Wi-Fi. Wengine hukimbilia kuifuta flashi yote, na hapo ndipo picha za wazee wetu hupotea.

Jirani yangu hapa Al Amerat alitumiwa kutoka Unguja video ya harusi ya mdogo wake. Flashi yao wameichomeka kwenye ruta, hivyo kompyuta na televisheni zote za nyumbani zinaisoma. Alipoikopi video, akaambiwa faili ni kubwa mno. Mwanawe alikuwa tayari kufuta vyote, na humo mna picha za marehemu baba yake zisizo na nakala nyingine. Nikawaambia, jamani, sisi wauguzi tunapima kwanza, dawa baadaye.

Kipimo cha kwanza: kopi faili dogo. Likipita, mtandao ni mzima. Kipimo cha pili: ichomeke flashi kwenye kompyuta ya Windows, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Properties. Ukikuta FAT32, ugonjwa umeuona.

FAT32 ni mpangilio wa miaka ya 1990. Huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32 tu, kwa hiyo faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4, hata flashi iwe tupu. Ni kama fomu yenye visanduku viwili vya umri: mzee wa miaka 100 haandikiki.

Tiba ya kwanza haigusi picha: kata video vipande viwili, kila kimoja chini ya gigabaiti 4. Jirani yangu alichagua hiyo. Ya pili ni kuifomati flashi iwe exFAT, mpangilio wa Microsoft wa mwaka 2006 unaobeba mafaili makubwa zaidi. Kwanza hakikisha televisheni na ruta yako zinausoma, maana vifaa vingi vya zamani haviusomi.

Kumbukeni, kufomati hufuta kila kitu. Kabla ya kubonyeza, jiulize: picha hizi ziko wapi tena? Kama huna jibu, zikopi kwanza mahali pawili, uzifungue kuhakikisha zinaonekana, ndipo uendelee.