Harufu ya petroli garini si ya kuzoea
Mtoto anashuka garini akilalamika kichwa na kichefuchefu. Mzazi anadhani hakula vizuri asubuhi, kumbe petroli inavuja tena, ingawa fundi wa kampuni iliyouza gari ameshalitengeneza mara mbili.

Kufungua vioo si tiba. Mvuke wa petroli una benzeni, kemikali ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huweza kusababisha saratani ya damu. Tena cheche moja tu hutosha kuwasha moto. Gari la hivyo lisiwashwe. Livutwe hadi gereji.

Waranti ikiwa bado hai, mzazi adai kila tengenezo liandikwe: tarehe, kilomita, kifaa kilichobadilishwa. Bila karatasi, uvujaji wa tatu utahesabiwa kuwa wa kwanza.