Uzoefu Tunao, Karatasi Ndiyo Hatuna



Tazama matangazo ya kazi yanayozunguka kwenye simu wiki hii. Karani wa stoo, uzoefu miaka miwili. Mapokezi hotelini, uzoefu miaka mitatu. Dereva, mhudumu wa mkahawa, hata mfagizi, wote wataka uzoefu. Na anayeomba ni kijana wa miaka 22, juzi tu amemaliza Kidato cha Nne au kozi ya diploma. Atautoa wapi huo uzoefu ikiwa kila mlango wa kuupatia wamtaka awe nao kwanza?

Malalamiko haya twayajua sote, na ni ya haki. Lakini kuna jambo halisemwi sana. Vijana wengi wa pwani yetu uzoefu tayari wanao. Wasichonacho ni karatasi ya kuuthibitisha, na kuidai karatasi hiyo ni haki yao kwa sheria ya Kenya.

Hebu tuhesabu. Kijana aliyesimama miaka mitatu kwenye duka la vifaa vya ujenzi anajua kupokea mzigo, kuhesabu mali iliyobaki, kuandika risiti na kumkabili fundi anayetaka kukopa. Hiyo ndiyo kazi ya karani wa stoo. Binti aliyesimamia mapambo na chakula kwenye harusi kumi za mtaani amesimamia watu, pesa na wakati. Aliyeanza kwa kubeba mchanga kwenye mjengo kule Mtwapa mpaka akashika mwiko, huyo ni mwashi. Lakini mwulize mmoja wao amefanya kazi wapi, atakujibu: "Sijafanya kazi bado, nilikuwa nasaidia tu pale kwa ami." Miaka mitatu ya jasho, eti kusaidia tu! Kisha anaandika CV, na pale penye uzoefu anaacha wazi.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira yake inapomalizika, maadamu amefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho si kitu kikubwa. Kinaandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, aina ya kazi na mahali alipoifanyia, na tarehe aliyomaliza. Nusu ukurasa tu. Mwajiri anayekataa kukitoa kwa makusudi au kwa uzembe ametenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Zingatia pia kwamba sheria hiyo haimlazimishi mwajiri akusifu. Hata kama mmeachana vibaya, wewe huombi sifa. Waomba ukweli wa tarehe na kazi uliyofanya, na ukweli huo hauna ugomvi.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 9, inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Na yule anayeambiwa kila siku "wewe ni kibarua tu" asome kifungu cha 37. Ukishafanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi mmoja, sheria haikuhesabu tena kuwa kibarua wa siku, hata kama waendelea kulipwa kila jioni.

Na hapa lazima tuambiane ukweli. Waliotunyima karatasi hizi si kampuni kubwa za mbali pekee. Ni sisi kwa sisi. Ni maduka yetu, mikahawa yetu, gereji zetu na mabohari yetu. Wengi wa waajiri hao ni wazee wetu, watu wa safu ya mbele msikitini, na baadhi yao ndio wanaolipia karo watoto wa majirani. Hatuwaiti madhalimu. Lakini kijana anakaa dukani miaka mitano, anaondoka na mikono mitupu, na siku ya mahojiano ya kazi anasimama kama mtu asiyewahi kushika chochote maishani.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ndani ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni. Mfanyabiashara anayeandika daftarini kila kilo ya mchele aliyokopesha hashindwi kuandika kwamba kijana fulani alimfanyia kazi kutoka mwezi huu mpaka ule. Wazee wetu, hili haliwagharimu pesa. Karatasi moja, sahihi na muhuri wa duka.

Mtu atasema: "Nikidai karatasi, kesho nitaambiwa nisije." Hofu hiyo ni ya kweli na hatuidharau, maana kazi yenyewe ni haba na nyumbani kuna watu wanakungoja. Kwa hivyo tumia hekima. Kama bado uko kazini, weka kumbukumbu zako kimyakimya: tarehe ulizofanya kazi, jumbe za M-Pesa za malipo yako, picha za kazi uliyoifanya, majina ya wenzako mliokuwa nao. Kama waondoka, nenda na adabu zako. "Ami, naondoka na radhi zako, ila naomba uniandikie barua inayoonyesha nilikuwa hapa." Na kwa kuwa watu wengi hukataa kwa uvivu wa kuandika tu, iandike wewe mwenyewe, iwe safi, ampelekee asome na atie sahihi. Akikataa kabisa, ofisi ya kazi ya serikali ipo, na ofisa wa kazi ndiye wa kupelekewa malalamiko haya. Mkiwa wawili watatu mliofanya kazi pamoja, nendeni pamoja.

Na wale wasio na mwajiri? Fundi wa pikipiki aliyejifunzia chini ya mwembe, mshonaji, fundi umeme wa mtaani? NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, ina mitihani ya ufundi kwa gredi, kuanzia ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Huulizwi ulisoma chuo gani. Wanataka kuona mikono yako inafanya nini. Kituo kipo hapa Mombasa. Kijana mwenye cheti cha gredi ya tatu na picha za kazi zake ana la kuweka mezani.

Tukitoka hapo, tuangalie na upande wa pili, kwa sababu kuna karatasi wanazokudai wao kabla ya wakati wake. Umeomba kazi tu, hata hujaitwa, tayari waambiwa ulete vyeti vya kuidhinishwa na KRA, HELB na EACC. Unapanga foleni, unalipa nauli na ada, kisha kazi hupati. Sheria ya Ajira ilibadilishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti vya aina hiyo isipokuwa amekusudia kuingia naye mkataba wa maandishi. Basi anayekudai mapema, mwulize kwa upole: je, mmeamua kuniajiri?

Na serikali nayo isijifiche nyuma ya neno uzoefu. Katiba yetu, kifungu cha 55, inaitaka dola ichukue hatua, zikiwemo za upendeleo maalum, ili vijana wapate ajira. Kaunti inapotangaza kazi ya ngazi ya chini kabisa na kudai miaka mitatu ya uzoefu, imewafungia mlango walewale ambao Katiba imeiagiza iwafungulie. Na sharti kama hilo likishawekwa, mara nyingi huwa kichaka cha kuficha kujuana. Wasiojulikana wanaambiwa hawana uzoefu, na mpwa wa mkubwa anaingia naye hana.

Hatuna haja ya kubishana kwenye simu kuhusu nani aliajiriwa. Tuulize kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu kila raia kuomba habari kutoka taasisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisa anatakiwa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21. Iandikieni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yenu: nafasi zilikuwa ngapi, walioajiriwa wangapi wako chini ya miaka 35, na sharti la uzoefu liliwekwa kwa sababu gani. Barua moja inaweza kutupwa, lakini barua hamsini kutoka wadi moja, zenye tarehe na nakala, si rahisi kuzitupa.

Tuko makini na jambo hili kwa sababu tunawaona wanaokuja baada ya kijana kukata tamaa. Anakuja broka na "nafasi ya bandarini", au mtu anayedai ana mkono kwenye usajili wa KDF, ilhali usajili huo ni bure na jeshi lenyewe hutangaza hivyo. Mama anauza kidani chake cha dhahabu, shamba la babu linawekwa rehani, pesa zinaliwa, na kushtaki kunatisha, maana kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 aliyetoa ana kosa sawa na aliyepokea. Na kabla ya hukumu ya mahakama, mwajua dini yetu inasema nini juu ya mtoa rushwa.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii ni ndogo. Kaa chini, andika kila kazi uliyowahi kufanya tangu umalize shule, ya mshahara na ya "kusaidia tu". Karibu na kila moja andika jina la mtu anayeweza kutia sahihi kwamba uliifanya. Kisha anza na yule aliye karibu zaidi, hata kama ni ami yako mwenyewe baada ya swala ya Ijumaa.

Na wewe mwenye duka unayesoma hapa, usingoje kuombwa. Mwite yule kijana aliyeondoka mwaka jana, mpe karatasi yake.