Sufuria Iliyozaa na Mali ya Mtoto Mtandaoni

Mtoto wa miaka tisa anamwendea mamake jikoni machozi yakimlengalenga. "Mama, nimeibiwa." Mama anauacha mwiko, anamkagua mwanawe toka utosini hadi unyayoni. "Umeibiwa nini? Na nani?" "Joka langu. Yule rafiki yangu wa kwenye mchezo alisema nimpe alikuze kisha anirudishie. Nilipompa akatoweka." Mama anashusha pumzi na kuurudia mwiko wake. "Ah! Kumbe ni hilo? Huo ni mchezo tu. Zima simu hiyo ukafanye kazi ya ziada." Mazungumzo yanakoma hapo.

Tukio la aina hii halina mji wala mtaa maalumu. Linaweza kutokea katika nyumba yoyote ambamo simu ya mzazi imegeuka kuwa uwanja wa mtoto wa kuchezea. Katika mazungumzo hayo mafupi mtoto amepoteza mara mbili. Kwanza, amempoteza mnyama wake kwa tapeli. Pili, amepoteza mahali pa kupelekea mashtaka yake. Hasara hii ya pili ndiyo kubwa zaidi, kwa maana tapeli wa watoto hutegemea mambo mawili: tamaa ya mtoto na dharau ya mtu mzima. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba mali ya mtoto katika mchezo wa mtandaoni ni mali, na kwamba mzazi au mwalimu asiyekubali kuiita mali hawezi kumfundisha mtoto namna ya kuilinda.

Ni vyema kuieleza mali yenyewe kabla ya kuitetea. Roblox, jukwaa la Kimarekani lililofunguliwa kwa umma mwaka wa 2006, si mchezo mmoja bali ni mkusanyiko wa michezo mingi mno ambayo hubuniwa na watumiaji wenyewe. Ndani yake mna sarafu iitwayo Robux, na sarafu hiyo hununuliwa kwa fedha halisi. Katika mojawapo ya michezo hiyo, Adopt Me!, ulioanza mwaka wa 2017, mchezaji hupata yai, yai likaanguliwa, na mnyama akalelewa kwa kulishwa, kuogeshwa na kulazwa hadi akakomaa. Wanyama wanne wa aina moja waliokomaa huweza kuunganishwa wakawa mmoja anayeng'aa. Baadhi ya wanyama hutolewa kwa msimu mmoja tu. Msimu ukishapita, njia iliyobaki ya kuwapata ni kubadilishana na mwenye nao. Uhaba huzaa thamani, na thamani huzaa soko. Kwa hivyo mtoto aliyemlea mnyama wake kwa majuma kadhaa anamiliki kitu kilichomgharimu muda, subira na, aghalabu, fedha za mzazi wake. Kwamba kitu hicho hakishikiki mkononi si hoja. Salio la M-Pesa nalo halishikiki, na hakuna mtu mzima anayeambiwa kwamba salio lake lililoibiwa lilikuwa namba tu.

Suala hili limewahi kufikishwa mahakamani. Nchini Uholanzi, mwaka wa 2007, mvulana wa miaka 13 alipigwa na kutishiwa kwa kisu na vijana wawili, wakamlazimisha kuingia katika akaunti yake ya mchezo uitwao RuneScape na kuziachilia hirizi na barakoa alizokuwa nazo humo ili wao wazichukue. Utetezi ulidai kwamba vitu hivyo havikuwa mali kwa kuwa havikuwepo katika ulimwengu wa kawaida. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa dai hilo mnamo Januari 2012. Majaji walizingatia kwamba vitu hivyo vilikuwa na thamani kwa mwenyewe kutokana na muda na juhudi alizozitumia kuvipata, na kwamba yeye pekee ndiye aliyevimiliki hadi aliponyang'anywa. Ikiwa majaji wa ngazi ya juu kabisa waliona haja ya kulisikiliza shauri la barakoa ya mchezoni, mzazi naye anaweza kuuacha mwiko kwa dakika tano akalisikiliza shauri la joka.

Ulaghai unaowapata watoto katika michezo hii una sura nyingi, ila mizizi yake ni michache. Ulaghai wa kwanza ni ule wa "nipe kwanza". Tapeli humwahidi mtoto kwamba akikabidhiwa mnyama atamfanya ang'ae, atamzidisha mara mbili, au atamrejesha pamoja na zawadi. Wa pili ni wa kubadilisha dakika ya mwisho. Katika kidirisha cha kubadilishana, tapeli huweka mnyama wa thamani, kisha humwondoa na kumweka mwingine anayefanana naye, huku akimharakisha mwenzake kwamba anataka kuondoka. Wa tatu ni wa mtu wa kati. Mtu wa tatu hujitokeza akajidai kuwa mwaminifu wa kuwashikia wote wawili mali zao, kumbe ameshirikiana na mmoja wao. Wa nne haugusi mnyama hata mmoja, bali huiba akaunti nzima. Mtoto huelekezwa kwenye wavuti unaoahidi Robux za bure, akaandika jina lake na nenosiri lake, na kufikia jioni mlango wa nyumba yake ya mtandaoni umebadilishwa kufuli. Mbinu hii ni ya zamani. Mwaka huohuo wa 2007, polisi wa Uholanzi walimkamata kijana aliyeshukiwa kuiba samani za mchezo wa Habbo Hotel zenye thamani ya takriban euro 4,000, na waathiriwa walikuwa wamehadaiwa na kurasa bandia zilizowafanya watoe nenosiri zao.

Mkaazi wa Nairobi akizitazama mbinu hizo kwa makini atagundua kwamba si ngeni. Mtu wa kati ni yuleyule anayesimama kando ya meza ya pata potea, akacheza na "kushinda" mbele ya umati ili mpita njia ashawishike kutoa noti yake. Anayemharakisha mtoto ni ndugu wa yule anayempigia mzee simu akidai kwamba ametuma pesa kimakosa, na kwamba zirudishwe sasa hivi kwa sababu mgonjwa yu mahututi. Kiini ni kimoja: ahadi kubwa, muda mfupi na ombi la kuaminiwa. Kinachotofautiana ni umri wa anayelengwa. Mtu mzima amekwisha kuonywa na redio, na jirani na hata aibu yake mwenyewe. Mtoto hajaonywa na yeyote, kwa sababu wanaopaswa kumwonya wanaamini kwamba hana cha kuibiwa.

Hapa ndipo fasihi simulizi inapopata kazi. Miongoni mwa ngano za Abunuwasi zinazosimuliwa katika upwa wa Afrika Mashariki, mna ile ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kijisufuria ndani yake, akatangaza kwamba imezaa. Jirani alifurahi, akavipokea vyote viwili bila swali. Siku nyingine Abunuwasi aliazima sufuria kubwa zaidi, na safari hii hakuirudisha. Alipoulizwa alisema kwamba sufuria imekufa. Jirani alipokwenda kushtaki kwamba sufuria haifi, alijibiwa kwamba aliyekubali kuwa sufuria huzaa hana budi kukubali kuwa sufuria hufa.

Kwa miaka mingi ngano hii imefunzwa kama kichekesho cha ujanja wa Abunuwasi. Ni nadra kutazamwa kutoka upande wa jirani, na huko ndiko liliko funzo. Jirani hakuibiwa siku sufuria ilipokufa. Aliibiwa siku ilipozaa, pale alipokipokea kijisufuria bila kujiuliza kimetoka wapi. Tapeli wa mchezoni naye huanza vivyo hivyo. Huomba kitu kidogo, akakirudisha na nyongeza, mtoto akaamini. Kisha huomba kikubwa na kutoweka nacho. Mtoto aliyesimuliwa ngano ya sufuria, kisha akaulizwa "Jirani alikosea wapi?", ana kinga ambayo haipatikani katika programu yoyote ya kompyuta. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule za Kenya mwaka wa 2019, unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kulingoja somo la kompyuta ili achangie ujuzi huo. Ngano anazo tayari. Kilichobaki ni kuuliza swali linalofaa.

Wapo watakaopinga kwamba dawa ni kumpiga mtoto marufuku asicheze kabisa. Hoja hii ina uzito wake, hasa kwa watoto wadogo sana, na hakuna anayedai kwamba mchezo ni haki iliyo juu ya malezi. Hata hivyo, marufuku humwondoa mtoto machoni pa mzazi kuliko inavyomwondoa mchezoni. Aliyekatazwa nyumbani hucheza kwa simu ya binamu yake, na akitapeliwa huko hasemi, kwa kuwa kusema ni kukiri kosa la kwanza. Isitoshe, kubadilishana vitu ni elimu kongwe ya utotoni. Watoto wa vizazi vilivyotangulia walibadilishana gololi na vifuniko vya chupa, wakajifunza kupima, kukataa na kuvumilia majuto. Walichokuwa nacho ambacho mtoto wa leo hana ni uso wa mwenzake: mkono mmoja ulitoa huku mwingine ukipokea, na aliyedanganya alikutwa kesho yake palepale uwanjani.

Wengine watasema kwamba mzigo huu ni wa kampuni zinazochuma kutokana na michezo hiyo. Ni kweli kwamba zina wajibu, na baadhi zimechukua hatua. Waundaji wa Adopt Me!, kwa mfano, waliweka kidirisha kinachomtaka kila mchezaji athibitishe mara mbili kabla ya mali kubadilisha mikono, na leseni ya kubadilishana ambayo hupatikana baada ya kujibu maswali kuhusu ulaghai. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018 inaharamisha kujifanya mtu mwingine mtandaoni na kumhadaa mtu atoe siri zake. Lakini kidirisha hakimsaidii mtoto aliyeshawishiwa kupita nje yake, na sheria haimfikii mtoto ambaye hata mamake hajui kwamba ameibiwa.

Basi mtoto afunzwe nini? Afunzwe kwanza kanuni ya nipe nikupe: mali isitoke kabla ya mali nyingine kuonekana katika kidirisha kimoja, na ahadi ya "baadaye" ichukuliwe kuwa si kitu. Afunzwe kukitazama kidirisha upya kabla ya kila uthibitisho, na kukataa mara tu anapoharakishwa, kwa kuwa biashara ya haki haikimbizwi. Ajue kwamba kubadilishana mnyama kwa muda wa maongezi au kwa pesa za simu ni kutoka nje ya ua, mahali ambapo hakuna mlinzi, na mara nyingi ni kuvunja kanuni za mchezo wenyewe. Ajue kwamba nenosiri haliazimwi, hata kwa rafiki wa dhati, na kwamba hakuna anayegawa Robux za bure. Mzazi naye aiwekee akaunti uthibitisho wa hatua mbili, ili nenosiri pekee lisitoshe kuufungua mlango. Hasara ikitokea, kipigwe picha cha kuonyesha mazungumzo, na tapeli aripotiwe kupitia mchezo wenyewe. Huenda mali isirudi, na mara nyingi hairudi. Lakini mtoto atakuwa amejifunza kwamba dhuluma hushtakiwa.

Lipo jambo moja zaidi ambalo halipaswi kupuuzwa. Mtoto aliyetapeliwa na kuambiwa kwamba hakuna kilichotokea huhitimisha, kwa mantiki ya kitoto isiyo na kasoro, kwamba naye akimtapeli mwenzake hakuna kitakachotokea. Joka alilopoteza atalitafuta kwa mbinu ileile iliyolipoteza. Hivyo ndivyo jirani wa Abunuwasi anavyogeuka kuwa Abunuwasi, bila ucheshi wake. Wahenga walionya kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo humfikia mtoto akiwa bado sebuleni.

Mama wa jikoni hakukosa mapenzi. Alikosa kujua tu. Angemvuta mwanawe kando, akamwambia, "Pole, mwanangu. Njoo unionyeshe alikuambia nini, neno kwa neno," joka pengine lisingerudi. Lakini siku ambayo mgeni mwingine angemwahidi mtoto huyo sufuria inayozaa, mtoto angejua pa kwenda kuuliza kabla ya kuitoa sufuria yake.