Jibu la Tabibu Litangulie Ramli

Kwa miaka mingi vikongwe wa Shinyanga na Geita wameuawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa jikoni. Tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino nao waliwindwa, viungo vyao vikidaiwa kuleta bahati migodini. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Amri hiyo ilikuwa ya haki, lakini haiwapatanishi waliomtuhumu bibi na wanawe waliobaki. Mtoto anapofariki kwa homa, wafiwa huuliza: nani kamwua? Asipokuwapo tabibu wa kuwaeleza kuwa ni malaria, mpiga ramli hutaja jirani. Twawaomba waganga wakuu wa wilaya wafike matangani mapema, nasi wa misikitini tufuatane nao.