KADI YA GARI KWA JINA LA MKE: NI ZAWADI AU NI HILA?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, hapa Mlali na katika wilaya yetu ya Kongwa kwa ujumla, mali ya mtu si zizi la ng'ombe na shamba la mahindi peke yake. Wapo wenye fuso zinazobeba nafaka kwenda soko la Kibaigwa, wapo wenye matrekta, na wapo vijana ambao mali yao yote ni pikipiki moja. Mume mwenye mali ya namna hiyo huweza kushawishika kuandikisha kadi kwa jina la mkewe, ili siku atakapofariki ndugu zake wasiliguse gari. Je, jambo hili lina hukumu gani?

Tukiri kwanza kwamba hofu ya mume huyo ina msingi. Saad bin Rabii (r.a.) alipouawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, ndugu yake alichukua mali yote, akawaacha mjane na mabinti wawili mikono mitupu. Mjane alikwenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w.). Zikashuka aya za mirathi, na Mtume (s.a.w.) akaamuru mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho kiwe cha ndugu. Basi anayemfukuza mjane kwa kisingizio cha mila anarejesha dhulma ambayo Qur'an ilikuja kuiondoa.

Lakini dhulma haiondolewi kwa dhulma nyingine. Mume kumpa mkewe gari akiwa hai na mwenye afya ni jambo la halali, tena la wema. Sharti ni kwamba iwe zawadi ya kweli, nayo haikamiliki mpaka ipokelewe. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Abubakar (r.a.) alimpa binti yake, Bibi Aisha (r.a.), mavuno ya tende kiasi cha wasaki 20. Mauti yalipomkaribia naye Aisha hajazichukua, alimweleza kwamba lau angezivuna na kuzimiliki zingekuwa zake, lakini siku hiyo zimekuwa mali ya warithi. Huyo ni Swiddiq, na huyo ni Mama wa Waumini! Itakuwaje kwa mume ambaye kadi ina jina la mke, ilhali funguo zimo mfukoni mwake, mapato anayapokea yeye, na mke hana hata ruhusa ya kuuliza? Hapo hapana zawadi. Pana jina tu juu ya karatasi.

Akingoja mpaka maradhi ya mauti ndipo atoe, zawadi hiyo huhukumiwa kama wasia, na Mtume (s.a.w.) alikwisha bainisha kwamba mrithi hausiwi, kwa kuwa Allah amempa kila mwenye haki haki yake. Haipiti ila warithi wengine waridhie.

Tuchukue mfano. Mtu ana wake wawili na watoto, na mali yake ni fuso moja yenye thamani ya shilingi milioni 32. Akifariki, baada ya madeni na wasia, thumuni ya wake ni milioni 4, yaani milioni 2 kwa kila mmoja. Milioni 28 zilizobaki ni za watoto na wazazi wake walio hai. Akiiandikisha fuso kwa mke mmoja kwa nia ya kuwanyima wengine, amemwacha mke wa pili na mayatima wake bila kitu. Asome aya ya 13 na 14 za Suratun-Nisaa, ambazo zinafuata mara tu baada ya mafungu ya mirathi. Humo Allah ameyaita mafungu hayo mipaka yake.

Jambo jingine husahauliwa sana. Mara nyingi gari lilinunuliwa kwa mahindi na alizeti za mke, au mume hajamaliza kulipa mahari. Sehemu ya mke katika gari hilo si zawadi wala mirathi. Ni mali yake mwenyewe, na mahari ni deni linalolipwa kabla ya kugawa chochote. Badala ya kutafuta hila, mume na aandike deni hilo mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara.

Sheria za nchi nazo zisitughuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60 na cha 61, inachukulia kuwa mali iliyopatikana kwa jina la mwanandoa mmoja, au aliyopewa na mwenzake, ni yake. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Kadi peke yake haitazuia ndugu kufika mahakamani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kumpa mkeo gari, mpe ukiwa mzima. Andika hati yenye mashahidi, badilisha jina la kadi TRA, mkabidhi gari na funguo, na mapato yawe yake. Ukiendelea kuliendesha, iwe kwa idhini yake. Fanya uadilifu baina ya wake zako, na wajulishe watoto na ndugu zako mapema. Kama moyo wako hauko tayari kuliachia gari leo, basi liache kwa jina lako, na uyaridhie mafungu aliyoyapanga Allah. Nanyi maimamu na wazee wa misikiti, simameni na mjane siku ya msiba, ili waume wasione haja ya kujificha nyuma ya kadi.

Wabillahi tawfiq.